Mate Yaliondoka Wiki ya Kwanza

Tangu nirudi kutoka Lusaka, nilikotibiwa saratani kwa mionzi, watu wa hapa Lubumbashi wanaojiandaa kupigwa mionzi ya kichwa au shingo huletwa kwangu. Huja na dada zao au wachungaji wao, na wengine hujitokeza tu mlangoni pa chumba changu cha kushonea, Kamalondo, wakijifanya wanatafuta fundi wa kikwembe. Swali lao ni moja: inauma? Nawajibu kweli tupu: haiumi. Unalala, unasikia mlio, unaamka, unavaa viatu. Kisha zamu yangu ya kuuliza: meno yako yakoje? Na daktari amekuambia nini juu ya mate? Hapo wengi hunikodolea macho. Mtu ana saratani, na wewe unamletea habari za mate.

Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi mate ni kifaa cha kazi. Uzi ukiukata, ncha yake huchanua. Unautia mdomoni, unaulowesha, unaubana kwa midomo, ncha inanyooka, unaupenyeza kwenye tundu la sindano. Nimefanya hivyo tangu utoto, nikifundishwa na mama mkubwa, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku nitatia uzi mdomoni nao utoke mkavu vile vile ulivyoingia.

Ugonjwa wenyewe nisiurefushe. Sikio la kushoto liliziba, pua ikawa inatoa damu kidogo asubuhi, na shingoni kikaota kinundu kisichouma. Nilipewa dawa za mafua, nikapewa za malaria, nikarudishwa kwenye za mafua. Aliyeona ni daktari wa masikio, pua na koo: aliingiza kamera puani, akakata kipande kidogo, na maabara ikajibu kuwa ni saratani ya nasofarinksi, yaani ile sehemu iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Mara nyingi saratani hii huhusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu sote tunakipata maishani na wengi wetu hakitufanyi lolote. Mahali penyewe pako chini ya fuvu, kisu hakipafikii vizuri, kwa hiyo tiba yake kuu ni mionzi, na mara nyingi huongezwa dawa ya sisplatini inayopitishwa mshipani.

Sasa weka vidole viwili mbele ya sikio lako, pale taya linapojikunja ukifungua mdomo. Chini ya ngozi hapo kuna parotidi, tezi ya mate kubwa kuliko zote, moja kulia na moja kushoto. Jozi nyingine iko chini ya taya, ya tatu chini ya ulimi, na tezi ndogo ndogo za mamia zimetapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Zote kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Parotidi huamka hasa unapotafuna, na mate yake ni mepesi kama maji. Zile za chini ya taya ndizo zinazolowesha mdomo muda ambao huli. Mionzi ikitokea ubavu wa kulia na ubavu wa kushoto ili ikutane nyuma ya pua, inapita katikati ya parotidi zote mbili. Hakuna ubaya wa mtu hapo. Ni jiografia ya kichwa.

Yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye alikuwa muuguzi miaka mingi, ndiye aliyenikatalia kupanda basi. "Hauende Lusaka mbele ya kuona daktari wa meno," akasema. Nilimwambia meno hayaniumi. Akasema njo vile, hayakuumi, na ndiyo maana tunaenda sasa. Sikuelewa, ila yaya akishasema hivyo huwezi kubishana naye.

Daktari wa meno alinipiga picha ya taya zima, akaziba yaliyotobolewa kidogo, na yale magego mawili ya chini yaliyooza mizizi akayang'oa. Alinieleza huku anaosha mikono. Mfupa wa taya, hasa la chini, una mishipa michache ya damu. Ukishapigwa mionzi mingi, mishipa hiyo hupungua zaidi na mfupa hupoteza uwezo wa kujiponya. Ukimng'oa mtu jino baada ya hapo, hata miaka kadhaa baadaye, tundu laweza kukataa kufunga, mfupa ukaanza kufa na kutokeza nje ya ufizi. Kwa hiyo jino bovu hung'olewa kabla, na kidonda hupewa wiki 2 hivi kufunga ndipo mashine ianze. Tena, mate yakipungua, hata meno mazima huanza kuoza, na huoza pale shingoni mwa jino, karibu na ufizi, mahali ambapo kwa kawaida jino halianzi kuoza kirahisi. Mate ndiyo yanayozimua asidi baada ya kula na kurudishia jino madini yake, kalisi na fosfeti. Yakiondoka, jino halina mlinzi.

Gharama ile iliniuma kuliko sindano ya ganzi. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi hukwama hapo: fedha za safari zimekwisha kuchangwa na ukoo, kila mtu anajua kiasi, halafu wewe unaanza kutoa kwa ajili ya meno. Wajomba walinong'ona. Yaya akawajibu kwa niaba yangu, na majibu yake siyaandiki hapa.

Kasumbalesa, Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, Lusaka. Barabara ile wafanyabiashara wa hapa wanaijua usiku na mchana. Kwa kuwa Kibemba ninakisikia, sikupotea. Wauguzi waliniita "mayo", nami nikajiona niko nyumbani kiasi.

Kabla ya mionzi yenyewe walinitengenezea maski. Ni wavu wa plastiki unaolainishwa kwenye maji ya moto, unatandazwa usoni ukiwa na uvuguvugu, ukipoa unashika sura yako, kisha unafungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Ukitoka, mashavu yana alama za matundu. Mashine niliyolala chini yake ilikuwa ya kobalti. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya hapa kwetu. Kwetu kobalti ilikuwa mshahara, karo na gunia la unga, na Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kobalti inayotoka mgodini haina mionzi ya kutibu. Huwekwa kwenye tanuri la nyuklia hadi igeuke kobalti-60, na hiyo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na miezi kadhaa. Ndiyo maana kobalti ikizeeka mgonjwa hulala dakika nyingi zaidi kupata kipimo kile kile. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa kobalti mwaka 1951 huko Kanada. Nililala pale nikimwaza baba, ambaye aliisafisha kwenye nguo zake za kazi kila Jumamosi.

Kipimo cha mionzi huitwa grei. Kwa saratani kama yangu jumla huwa karibu grei 70, nazo hugawanywa: grei 2 kila siku, siku 5 kwa juma, majuma 7 hivi. Nilidhani basi kwamba madhara yatakuja polepole, mwishoni, kipimo kikishajaa. Ngozi ilifanya hivyo kweli. Ilianza kuwa nyeusi na kuchubuka baadaye. Mate hayakungoja. Kabla ya Jumamosi ya kwanza nilikuwa naamka ulimi umegandamana na kaakaa, na mate machache yaliyobaki yalikuwa mazito, yanavutika kama gundi ya fundi viatu. Nikitema hayatemeki.

Nilimwuliza daktari kama nimewekewa kipimo kikubwa kwa makosa. Akasema hapana, ndivyo tezi hizi zilivyo, na hata wataalamu zimewashangaza kwa muda mrefu. Kwa kawaida mionzi huziwahi seli zinazogawanyika haraka: nywele, utando wa mdomo, seli za damu, na saratani yenyewe. Seli za tezi za mate hugawanyika taratibu sana, zilipaswa kuwa sugu. Lakini ndani ya wiki ya kwanza mate yanaweza kupungua kwa nusu au zaidi, wakati seli nyingi bado ziko hai. Kinachoharibika mwanzo ni utando wa seli na njia zake za kupokea amri. Mshipa wa fahamu unasema toa maji, seli iko pale pale, haitoi. Na zinazoathirika kwanza ni zile za mate mepesi, ambazo ndizo karibu zote zilizomo kwenye parotidi. Zile za ute hustahimili kidogo zaidi. Ndiyo sababu ya ile gundi.

Uharibifu wa pili huja nyuma yake. Seli zinakufa kweli, na zile seli mama zilizo kwenye mifereji ya tezi, ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine, nazo zimepigwa. Mahali pa tezi panajaa nyama ya kovu, tezi inasinyaa. Tezi ambayo seli zake mama zimesalia za kutosha inaweza kurudi kiasi katika mwaka wa kwanza na wa pili, na kwa wengine huendelea kuongezeka kidogo kidogo hata baada ya hapo. Ambayo zimeisha, imeisha.

Mpaka wenyewe unajulikana. Madaktari hujaribu kuhakikisha parotidi zote mbili zisipate kwa wastani zaidi ya grei 26 hivi, au angalau moja ibaki chini ya grei 20. Mimi ni mtu wa kupima vitambaa, nikapiga hesabu kwenye daftari langu la wateja: grei 2 kwa siku, tezi ikiwa katikati ya njia, inafika 26 siku ya 13. Siku ya 13 ni kabla ya juma la tatu kwisha, na tiba haijafika nusu. Kila siku inayofuata unaongezea tezi iliyokwisha kuvuka mpaka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwe msumbufu kwa kila anayekuja kwangu. Nafasi ya kuokoa mate ipo siku wanapopanga miale, skana iko kwenye skrini na daktari anachora kwa kalamu sehemu ya kupiga na sehemu ya kukwepa. Zipo mashine mpya zinazoweza kupunguza na kuongeza nguvu ya miale kutoka pande nyingi ili parotidi ipate kidogo. Huko Uingereza walilinganisha njia hiyo na ya zamani, matokeo yakatoka mwaka 2011: baada ya mwaka mmoja waliokuwa na ukavu mbaya wa mdomo walikuwa 74 katika kila 100 kwa njia ya zamani, na 38 kwa njia mpya. Sisi wa Katanga hatuchagui mashine, tunachagua basi. Lakini hata palipo na mashine ya kawaida, swali linaweza kuulizwa: uvimbe wangu umeegemea upande mmoja, je, upande wa pili unaweza kukingwa kidogo? Wakati mwingine jibu ni hapana, kwa sababu ukiikwepa tezi unaiachia saratani mlango. Jibu hilo nalo ni haki yako kulisikia kabla ya kufungwa maski.

Kula ndiko kulikonitoa machozi. Bukari, yaani ugali, ni chakula kinachotegemea mate zaidi ya tunavyodhani. Tonge bila mate ni udongo. Mkate ukaniwia sifongo kavu inayobandika juu ya kaakaa hadi uitoe kwa kidole. Ladha ilipotea, kwa sababu ulimi hautambui kitu ambacho hakijayeyuka kwenye maji, na vinundu vya ladha vyenyewe vilikuwa vimepigwa. Kapenta ilikuwa chumvi bila samaki. Kilichoniokoa ni mulembwe na bamia, kila kitu chenye utelezi. Nilikuwa nauchukia mulembwe tangu mtoto. Shemeji yangu Mluba alicheka mpaka akakaa chini.

Niliporudi Lubumbashi majirani wawili waliwazuia watoto wao kunikaribia. Siwalaumu. Hapa kwetu ukitaja mionzi mtu anafikiria Shinkolobwe, mgodi wa karibu na Likasi uliotoa uranium ya mabomu ya Wamarekani ya 1945, na hadithi za mawe ya kule zimelea watoto wengi kwa hofu. Iliwabidi waelezwe kuwa mionzi ya mashine inapita tu, ikizimwa imezimwa, mwilini haibaki kitu. Wenye kupaswa kukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku kadhaa ni wengine: wale wanaomeza iodini ya mionzi kwa ajili ya saratani ya thairoidi, ile tezi iliyo mbele ya shingo.

Dada mmoja tunayesali naye alimeza hiyo, Afrika Kusini. Nilidhani yeye amepona na habari za mate, hakuna mashine iliyomgusa. Kumbe tezi za mate nazo huivuta iodini kutoka kwenye damu, zinaihifadhi, nayo inazichoma kutokea ndani. Kwake ilikuja kwa namna nyingine: kila akianza kula, shavu linavimba mbele ya sikio na kuuma, kwa sababu mfereji umekuwa mwembamba na mate yanakosa pa kutokea. Alifundishwa kunywa maji kwa wingi na kulikanda shavu kuelekea mbele. Tunakaa ibadani wawili, kila mtu na chupa yake ya maji, mchungaji amezoea.

Dawa za mtaani nilipewa nyingi. Limau lilikuwa la kwanza: lamba limau, mate yatakuja. Ni kweli asidi huichokoza tezi, lakini tezi yangu ilikuwa haichokozeki, na asidi isiyozimuliwa na mate inakula jino moja kwa moja. Munkoyo, kinywaji chetu kichachu, nayo niliiacha kwa sababu hiyo hiyo, kuichezea mdomoni siku nzima, chachu na sukari. Siku ya sherehe nanywa kikombe kisha nasukutua. Pemba, ule udongo mweupe wa kulamba, hapana kabisa.

Ninachofanya ni cha kawaida mno. Maji kidogo kidogo, siyo kumwaga glasi nzima. Kusukutua mara kadhaa kwa siku: kikombe cha maji vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha bikaboneti na chumvi kidogo, inalegeza ile gundi na kuzima asidi. Dawa ya kusukutua yenye alkoholi siigusi, inakausha. Mswaki laini. Floraidi ya nguvu kila usiku, ile yenye zaidi ya mara tatu ya dawa ya meno ya kawaida, nikishapiga mswaki natema bila kusuuza. Hiyo floraidi haipatikani kirahisi hapa, yaya huagizia watu wanaosafiri. Ulimi ukifanya utando mweupe unaowasha, ni fangasi, hustawi mdomo ukikauka, na ina dawa yake. Kuna pia vidonge vya pilokarpini, miligramu 5 mara tatu kwa siku, ambavyo huzipigia kelele tezi zilizobaki. Vinasaidia kama pana kilichobaki, na vinakutoa jasho. Mwenye pumu au ugonjwa wa presha ya macho asivimeze kabla ya kuongea na daktari wake. Mimi nilivijaribu, nikaloa mgongo mzima katikati ya kumpima mteja kiuno, nikaviacha.

Saratani haijaonekana tena kwenye picha. Mate yamerudi kiasi upande wa kulia. Nayasikia nikitafuna, yanachuruzika kidogo halafu yanakata. Kwenye kazi nimenunua nta, napitisha uzi juu yake, ncha inashika. Mwanafunzi wangu mdogo hana subira na nta yangu: "Mama, leta, miye nitaingiza," na tayari uzi uko mdomoni mwake.

Juzi alikuja mama mmoja wa Katuba na mume wake, barua ya rufaa mkononi, safari wiki ijayo. Nilimwomba afungue mdomo hapo hapo dukani. Nyuma kushoto kulikuwa na gego limebaki gamba. Tuliandika maswali ya daktari kwa Kifaransa kwenye karatasi ya kukatia mitindo: parotidi zangu zitapata kiasi gani, je, moja inaweza kukingwa, nani atanipa floraidi na hadi lini. Mume alikuwa akihesabu pesa kimya kimya, akasema jino hilo litakula nauli, na kidonda kikingojwa, tarehe itasogea. Nilimpigia yaya simu, nikamwachia simu aongee naye. Walibishana muda mrefu. Mwisho ni yeye mwenyewe mume aliyetoka nje kuipigia hospitali, kuomba tarehe nyingine.